Korogwe na Handeni: pale mnapopita mmelala

Wiki hii nimeweka pembeni habari za bumu na foleni ya kafeteria, nataka tuongee historia kidogo. Chanzo ni mjadala ulioanza juzi pale vimbwetani. Watu walikuwa wanapanga matembezi ya likizo, kila mmoja anataja mahali pa kupeleka wageni. Huyu Zanzibar, yule Bagamoyo, mwingine Ngorongoro. Mimi nikasema twendeni Korogwe na Handeni. Jamani, nilichekwa! Mshikaji mmoja akauliza, "Korogwe si pale basi linaposimama watu wachimbe dawa na kununua machungwa?" Handeni ndiyo kabisa, wengine hawakujua hata iko upande gani wa nchi.

Sasa leo najibu, tena kwa maandishi ili nisikatizwe.

Nakubali jambo moja mapema. Hatuna magofu kama ya Kilwa, hatuna kreta, hatuna ufukwe. Mgeni akija na kamera yake ataona mkonge, reli, stendi na vumbi. Lakini wilaya hizi mbili zina historia nzito ya watu: walioletwa, waliochukuliwa, waliorudi. Karibu kila mahali nitakapowapitisha leo pana kundi la watu lililofika au kuondoka kwa sababu ya bunduki, njaa, kazi au amri ya serikali. Hicho ndicho kivutio chetu. Tatizo ni kwamba hakina kibao barabarani.

Kwa wasioijua njia: ukitoka Dar kwenda Arusha, ukishavuka Wami unaendelea mpaka unaingia wilaya ya Handeni, unapita Mkata, Kabuku, halafu Segera. Pale Segera njia inagawanyika, kulia Tanga, kushoto Korogwe. Ukiupita mji wa Korogwe unafuata chini ya milima ya Usambara mpaka Mombo, kisha Mazinde. Mji wa Handeni wenyewe hauko kwenye barabara kuu. Uko ndani, kama kilomita 54 kutoka Mkata na 65 kutoka Korogwe, na siku hizi njia zote mbili ni lami. Mimi nitaanza juu, Mazinde, halafu tushuke pamoja.

Mazinde, kwa Semboja

Mkipita Mazinde mnaona nyumba chache, mkonge na mlima umesimama kama ukuta. Katika karne ya 19 hapa palikuwa na mtu aliyeitikisa Usambara nzima.

Ufalme wa Wakilindi ulikuwa juu mlimani, mji wake mkuu Vuga. Asili yao husimuliwa kwamba ni Mbega, mwindaji aliyetoka milima ya Ngulu, upande wa Kilindi, wilaya ambayo ilimegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Habari hizo ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika kitabu cha Habari za Wakilindi, kilichoanza kuchapwa kwenye misheni ya Magila miaka ya 1890. Wanafunzi wa historia, kama hamjakigusa kitabu hicho, kitafuteni. Ni Mswahili anasimulia siasa za ikulu ya Kiafrika kabla vyuo vyetu havijakuwepo.

Mfalme mkubwa wa mwisho, Kimweri ye Nyumbai, alifariki mwaka 1862. Aliyerithi Vuga ni mjukuu wake Shekulwavu, kijana. Baba mdogo Semboja, mtoto wa Kimweri, yeye alikaa huku chini Mazinde, na hapo ndipo ilipokuwa siri ya nguvu zake. Misafara ya pwani ilipita bonde la Pangani kwenda Kilimanjaro na Umasaini, inapanda na nguo na baruti, inashuka na pembe za ndovu na watumwa. Aliyekaa njiani ndiye aliyepata bunduki. Mwaka 1868 Semboja alimfukuza Shekulwavu kutoka Vuga, akamweka mwanawe Kimweri Maguvu kwenye kiti, yeye mwenyewe akabaki Mazinde. Yaani mfalme alikuwa juu, lakini mwenye nchi alikuwa chini, barabarani.

Waliolipia vita ile ni watu wa kawaida. Kila upande ulihitaji bunduki, na bunduki ilinunuliwa kwa binadamu. Watu wa vijijini walikamatwa na kupelekwa Pangani na kuuzwa. Semboja alifariki mwaka 1895, na mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga mwanawe Mputa. Ufalme ukabaki jina tu.

Kwa hiyo mkipita Mazinde, hata kama basi halisimami, fumbueni macho. Mnapita kwenye njia ya misafara ileile, ila sasa ina lami.

Stesheni ya Korogwe

Twende mjini. Mgeni wangu ningempeleka kwanza stesheni.

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, halafu kampuni ikaishiwa hela. Serikali ya kikoloni ikainunua mwaka 1899, na reli ikafika Korogwe mwaka 1902. Tanga mpaka Korogwe ni kama kilomita 84. Piga hesabu: miaka tisa, yaani wastani wa kilomita tisa na kitu kwa mwaka! Mombo ikafikiwa mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Basi wanaolalamika kwamba miradi ya leo inachelewa, mjue uchelewaji una historia ndefu.

Reli ndiyo iliyougeuza mji. Kabla yake watu walikaa karibu na mto Pangani. Baada yake maduka, maghala na ofisi zikaifuata stesheni. Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, reli hiyohiyo ikawa njia ya jeshi. Waingereza wa Jenerali Smuts waliishukia bonde la Pangani, na mwezi Juni 1916 wakaichukua Korogwe, na siku chache baadaye Handeni. Wajerumani wakati wa vita walikuwa wamejenga kireli chembamba cha matoroli ya kusukuma kwa mikono kutoka Mombo mpaka Handeni, ili wavushe mizigo kuelekea reli ya kati. Fikiria kidogo hapo: nani aliyekuwa anasukuma? Vitabu vya vita vinataja majenerali kwa majina. Wasukuma matoroli na wapagazi wanatajwa kwa idadi, wakitajwa.

Mwaka 1963 reli yetu iliunganishwa na ile ya kati kwa kipande cha Ruvu mpaka Mnyuzi, na Mnyuzi ni Korogwe hiyohiyo. Treni za abiria zilikuja kusimama miaka ya 1990, na nyasi zikaota katikati ya mataruma. Desemba 2019 treni ya abiria ya Dar mpaka Moshi ilirudi. Nakumbuka siku ile simu yangu ilivyojaa picha. Wazee waliovaa kanzu walikwenda stesheni kuangalia treni tu, wala hawakuwa na safari.

Mkonge na manamba

Hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo nilipotokea.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge 1,000 kutoka Florida, Marekani, ikapitia Hamburg. Iliyofika hai Pangani ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo 62 yakaja mashamba yote mnayoyaona: Magunga, Ngombezi, Hale, Magoma, Mwelya na mengine mengi. Miaka ya 1960 mwanzoni Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani, inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Mkonge haukatwi na mashine. Jani hukatwa kwa mkono, moja moja, linafungwa mizigo, linapelekwa korona. Naam, korona! Hilo ni jina la mashine ya kuchakata, na sisi Korogwe tulilijua miaka mingi kabla ya ugonjwa. Jani lina mwiba nchani na maji yake yanawasha ngozi. Watu wa karibu walikuwa na mashamba yao, hawakuona sababu ya kwenda kuumia huko kwa mshahara mdogo. Kwa hiyo wenye mashamba wakatafuta watu wa mbali. Mwaka 1944 waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, ikaleta watu kutoka Kigoma, Songea, Mbeya, Burundi na Msumbiji. Mtu akiandikishwa anapewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku thelathini. Siku ambayo hukumaliza ngwe yako haikuhesabiwa, hata kama ulishinda juani.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Muha wa Kasulu, alikuja kwa treni ya reli ya kati na baadaye lori. Alisema anakuja mara moja tu, apate mahari arudi. Hakurudi. Alimwoa Mzigua, akazikwa Korogwe. Kwa hiyo mtu akiniuliza "wewe kabila gani?" huwa nanyamaza kidogo kabla ya kujibu. Kwetu mtaa mzima ni hivyohivyo: huyu babu yake Mmakonde, yule Mrundi, wa jirani Mngoni, na wote tunaongea Kiswahili kimoja chenye lafudhi ya Tanga.

Jumapili kambi za mkonge zilikuwa na ngoma. Kila kambi na ngoma ya kwao, na Wasambaa wakishuka na Mdumange yao. Siku hizi ngoma hizo zimepungua sana, nyingi utaziona kwenye sherehe za kiserikali, watu wamevaa fulana za mgeni rasmi. Bei ya mkonge ilianguka kwa sababu ya kamba za nailoni, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, uzalishaji ukaporomoka hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa kama moja ya kumi ya ule wa zamani. Kazi ilivyokwisha, kambi zilibaki na wazee.

Mgeni akitaka kuona, mkonge bado upo na korona bado zinanguruma. Ombeni ruhusa shambani, mwone jani linavyoingia kijani na kutoka nyuzi nyeupe, zinaanikwa juu ya waya kama nywele za bibi. Mkirudi mpite Hale muone kituo cha umeme wa maji cha mwaka 1964, megawati 21. Kidogo kwa viwango vya leo, lakini kipo na hadithi yake.

Handeni: waliouzwa na waliorudi

Sasa tuingie Handeni. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo habari iliyonifanya niandike.

Miaka ya 1830 nchi ya Wazigua ilipigwa na ukame na njaa kali. Watu walishuka pwani kutafuta chakula. Masimulizi ya vizazi vyao yanasema waliambiwa watapelekwa mahali penye kazi na chakula, kisha watarudishwa. Wakapandishwa majahazi. Walipoteremshwa walijikuta pwani ya Somalia, Barawa na Merka, wakauzwa kwenye mashamba.

Baada ya miaka kadhaa kundi lao likatoroka. Masimulizi yanamtaja mwanamke mganga, Wanakhucha, kwamba ndiye aliyewaongoza. Nia yao ilikuwa kutembea mpaka nyumbani, kwa miguu! Waliishia kwenye misitu ya mto Juba, sehemu inayoitwa Gosha, wakalima na kujilinda humo. Wasomali wakawaita Mushunguli. Wao wakajiita Wazigula, na wakaendelea kuongea Kizigua. Sasa fikirini: watu wako ugenini, wamezungukwa na lugha nyingine, hakuna shule ya Kizigua, hakuna redio ya Kizigua, na lugha ikapita kwa mama na mtoto zaidi ya miaka 150.

Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilipoanguka, watu wa Juba hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwalinda. Waliporwa, waliuawa. Wengi walikimbilia kambi za Dadaab, Kenya, na kuanzia mwaka 2003 maelfu ya Wabantu wa Somalia walichukuliwa na Marekani. Lakini wengine walisema hapana, sisi tuna kwetu. Wakaja Tanga kwa njia ya bahari, wakapelekwa Mkuyu, Handeni. Mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo, wilaya hiyohiyo, wakapewa ardhi ya kulima. Kufikia mwaka 2009 zaidi ya watu elfu moja kati yao walikuwa wameshapewa uraia wa Tanzania.

Walipofika, wenyeji waliwasikia wakiongea na wakaelewana. Maneno machache yalikuwa tofauti, mengine ya zamani ambayo vijana wa Handeni walishayaacha. Mama yangu mzazi ni Mzigua, na kauli yake kuhusu habari hii ni moja: "Sisi tuliobaki ndio tunaosahau." Anasema hivyo akiniangalia mimi, maana Kizigua changu ni cha kuombea maji ya kunywa tu.

Lakini tusijifanye watakatifu. Miaka michache tu baada ya njaa ile, Wazigua waliobaki walipata bunduki kwa biashara ya pwani, na wapo waliogeuka wakamataji, wakawashambulia Wasambaa na Wabondei na kuuza watu walewale kwa njia ileile. Katika ukoo mmoja unaweza kukuta aliyeuzwa na aliyeuza. Hii si habari ya kupamba kijitabu cha utalii, ila ndiyo historia, na mtu wa Handeni akiisimulia bila kuruka sehemu hii nitamwamini zaidi kuliko kibao chochote.

Nyongeza kidogo: Bushiri bin Salim, aliyewapiga Wajerumani pwani, alikamatwa akikimbia huku Uzigua baada ya kusalitiwa, na akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Kwa hiyo mnaposikia vita vya Bushiri, msifikirie bahari tu.

Msomera

Sehemu ya mwisho ni mpya, na wengine mtaniambia siyo historia. Mimi naona ni historia inayoandikwa tukiwa macho.

Kuanzia Juni 2022 familia za Wamasai kutoka Ngorongoro zilianza kuhamishiwa kijiji cha Msomera, Handeni. Serikali ilisema ni kwa hiari, ili kulinda hifadhi, na kila familia ikapewa nyumba ya vyumba vitatu na ardhi ya kulima. Wapo waliofika wakashukuru shule na maji. Wapo waliobaki Ngorongoro waliosema huduma zilipunguzwa ili wachoke waondoke, na mashirika ya haki za binadamu yakaandika hivyo. Na wapo waliokuwa wakiishi Msomera kabla, ambao walilalamika kwamba ardhi iliyogawiwa ilikuwa yao.

Sitaamua kesi hiyo hapa. Ila rudini kwenye mjadala wetu wa vimbwetani. Aliyetaja Ngorongoro alishangiliwa, mimi wa Handeni nikachekwa. Kumbe sehemu hizo mbili zimeshaunganishwa: watu wanaondolewa kwenye kivutio maarufu na kuletwa mahali ambapo eti hapana kitu. Handeni hapakuwa patupu mwaka 2022, kama ambavyo hapakuwa patupu siku yoyote niliyoitaja hapo juu.

Mkitaka kwenda

Panda treni kama ipo, au basi la asubuhi uone njia. Siku ya kwanza Korogwe: stesheni, soko, halafu shamba la mkonge kwa ruhusa. Siku ya pili Mazinde, na mwenye nguvu apande Vuga kupitia Mombo. Siku ya tatu Handeni. Kuleni bada kwa mboga, ule ugali wa muhogo, na machungwa msinunue dirishani, shukeni mchague. Chogo na Msomera msiende kama mnakwenda kuangalia wanyama. Nendeni na mwenyeji, pigeni hodi kwa mwenyekiti wa kijiji, mkiambiwa leo haiwezekani mrudi. Na kamera iwe ya mwisho kutoka kwenye begi.

Nina ombi pia. Wengi wetu tunatoka sehemu kama hizi, za kupitwa na basi. Likizo hii kaa na mzee mmoja kwenu, muulize alifikaje hapo na aliwakuta akina nani. Rekodi kwa simu, kisha andika jina, mahali na mwaka. Babu yangu nilikuwa nikimsikia akisimulia kambi ya Magunga jioni nyingi sana, na ninachoweza kuandika leo ni kile mlichosoma hapo juu, aya moja tu.

Wa Muheza, Lushoto, Pangani na Kilindi, najua mna ya kuongeza na ya kunipinga. Wasambaa mtasema nimempendelea Semboja, Wazigua mtasema nimewaanika. Karibuni, nipo.

Alamsiki.